Google Scholar, Scopus, Web of Science au OpenAlex: mkemia wa polima apimwe kwa hesabu ipi?

Mtafute Krzysztof Matyjaszewski, mkemia wa polima (molekuli za mnyororo mrefu, kama za plastiki) wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, katika Google Scholar. Utakuta indeksi yake ya h, kipimo cha jinsi makala zake zinavyorejelewa, imevuka 200. Mtafute Scopus, namba inashuka. Web of Science ina yake, na OpenAlex ina yake. Mtu ni yule yule na makala ni zile zile. Kinachobadilika ni nyaraka ambazo kila hifadhidata imekubali kuzihesabu kuwa zimemrejelea.

Kwake yeye tofauti hiyo haina madhara. Lakini mhadhiri mwenye makala 9 anayeomba kupanda cheo anaweza kuwa na indeksi ya 6 huku na 4 kule, na fomu ikawa inataka 5. Hapo swali la kutumia hesabu ipi linageuka kuwa swali la mshahara. Ulinganisho huu ni kwa aliyekwama hapo, na pia kwa mwanafunzi anayechagua msimamizi, mjumbe wa kamati aliyepewa faili la mtu asiyemjua, na mkutubi anayeulizwa kila wiki ni ukurasa gani wa kuamini.

Vigezo tunavyotumia

Vigezo ni vitano: nyaraka zinazohesabiwa, hesabu inarudi nyuma hadi mwaka gani, hifadhidata inavyotofautisha waandishi wenye majina yanayofanana, inavyoshughulikia mtu kujirejelea na udanganyifu, na mwisho gharama, pamoja na kazi ya kusafisha rekodi. Havina uzito sawa. Kwa mkemia wa polima kigezo cha kwanza na cha tatu ndivyo vinavyoleta maumivu mengi, kwa hiyo tutakaa hapo zaidi.

Tukumbushane kuhusu indeksi ya h, aliyoipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Una h ya 6 ikiwa makala zako 6 zimerejelewa angalau mara 6 kila moja. Chukua mfano wa kubuni. Google Scholar inaonyesha makala 9 zenye marejeleo 31, 18, 12, 9, 7, 6, 4, 2 na 1. H ni 6. Scopus ina 6 tu kati ya hizo, zenye 22, 13, 9, 6, 4 na 3; h ni 4. Makala tatu zilizokosekana zilikuwa katika majarida ambayo Scopus haiyaorodheshi. Zilizobaki nazo zimepoteza marejeleo yaliyotoka kwenye tasnifu na ripoti.

Kazi tunayoitumia kama kipimo

Matyjaszewski alizaliwa Poland mwaka 1950, akapata uzamivu 1976 katika Chuo cha Sayansi cha Poland, na yuko Carnegie Mellon tangu 1985. Mwaka 1995 yeye na Jin-Shan Wang walichapisha katika Journal of the American Chemical Society njia ya upolimishaji wa radikali kwa kuhamisha atomi, inayojulikana kwa kifupi cha ATRP. Mchanganyiko wa shaba unaipokea atomi ya halojeni kutoka mwisho wa mnyororo na kuirudisha, mara nyingi mno. Kwa hiyo muda mwingi mnyororo umelala, na radikali zilizo hai ni chache kiasi kwamba hazikutani ovyo na kuuana. Matokeo ni minyororo yenye urefu unaokaribiana. Mwaka huo huo kikundi cha Mitsuo Sawamoto, Kyoto, kilichapisha njia ya aina hiyo katika Macromolecules kwa kutumia rutheni. Matyjaszewski alipata tuzo ya Wolf ya kemia mwaka 2011.

Kwa kulinganisha kuna njia ya RAFT, nyingine ya kudhibiti urefu wa minyororo, kutoka CSIRO, shirika la utafiti la serikali ya Australia, Melbourne, ya Graeme Moad, Ezio Rizzardo na San Thang, iliyotangazwa katika Macromolecules mwaka 1998. Watatu hao walichapisha makala ya mapitio katika Australian Journal of Chemistry mwaka 2005, kisha wakaihuisha mwaka 2006, 2009 na 2012. Kumbuka mapitio hayo manne, tutayarudia.

Kazi za namna hii zinaonyesha vizuri hifadhidata zinapoachana. Mkemia wa polima huandika makala, huandika hataza, hutoa muhtasari kwenye mikutano ya chama cha kemia, na huchapisha katika majarida ambayo mengine yamebadili jina zaidi ya mara moja.

Nyaraka zinazohesabiwa

*Google Scholar* inachukua karibu kila kitu chenye sura ya kitaaluma: makala, vitabu, tasnifu, ripoti, nyaraka za hazina za vyuo, na hataza. Utafiti mkubwa wa mwaka 2018 ulioangalia marejeleo 2,448,055 uligundua kwamba Google Scholar ilikuwa na asilimia 95 ya marejeleo yaliyomo Web of Science na asilimia 92 ya yaliyomo Scopus, na mengine mengi juu yake. Pengo hilo ni dogo kwa sayansi asilia kuliko kwa fasihi na historia, lakini lipo. Kwa anayetengeneza resini kutokana na mafuta ya maganda ya korosho, wasomaji wake wengi ni wanafunzi wa uzamili, wahandisi wa viwanda na waandishi wa ripoti. Hao Google Scholar inawaona kuliko wenzake wote.

Ubaya wake ni kuchukua bila kuchuja. Rekodi moja hugawanyika kuwa tatu kwa sababu kichwa cha makala kina alama ambazo mashine inazisoma tofauti. Makala ile ya 1995 ina mkwaju na alama za kunukuu ndani ya kichwa chake, na vichwa vya polima vimejaa herufi za Kigiriki na namba ndogo za chini. Mtu akinakili kichwa vibaya katika orodha yake ya marejeleo, mtoto mpya wa rekodi anazaliwa.

*Scopus*, ya Elsevier, ilianza mwaka 2004. Inachagua majarida kupitia bodi, na pia ina mikutano na vitabu kadhaa. Ile karatasi fupi ya kurasa mbili iliyokuwa ikitolewa na kitengo cha polima cha chama cha kemia cha Marekani, Polymer Preprints, imo Scopus. Hiyo humwongezea mkemia wa polima idadi ya kazi bila kumwongezea marejeleo. Hataza huonekana pembeni lakini haziingii kwenye h.

*Web of Science* ya Clarivate inatokana na Science Citation Index ya Eugene Garfield ya mwaka 1964, nayo ndiyo yenye uchaguzi mkali zaidi. Kuna mtego mmoja humo. Muhtasari wa mikutano ya chama cha kemia cha Marekani huorodheshwa kama kazi kamili za mwandishi. Profesa anayehudhuria mikutano miwili kwa mwaka na wanafunzi sita hujikuta na mamia ya kazi zenye marejeleo sifuri. Indeksi ya h haiguswi, ila wastani wa marejeleo kwa kila kazi unaporomoka. Mjumbe wa kamati akiona wastani mdogo, achuje kwanza kwa aina ya waraka, abakize makala na mapitio tu, ndipo asome.

*OpenAlex* ilianza mwaka 2022, baada ya Microsoft kuufunga mradi wake wa data za kitaaluma mwishoni mwa 2021. Ni ya shirika lisilo la faida, na data yake yote iko huru kutumiwa na yeyote. Upana wake uko kati ya Scopus na Google Scholar, na majarida mengi ya Afrika yamo. Udhaifu wake uko kwenye maelezo: aina ya waraka iliyoandikwa siyo, au chuo cha mwandishi kisichoonekana.

Tatizo moja linazipata zote, nalo ni la wakemia hasa. Jarida la Angewandte Chemie hutoa makala ile ile katika toleo la Kijerumani na toleo la kimataifa, zenye namba za kurasa tofauti. Anayerejelea toleo la Kijerumani anaweza kuwa amempotezea mwandishi rejeleo katika hifadhidata zinazofuata ukurasa kwa ukurasa, huku Google Scholar ikitengeneza rekodi mbili. Majina ya majarida nayo yanasumbua. Die Makromolekulare Chemie ikawa Macromolecular Chemistry and Physics mwaka 1994. Journal of Polymer Science iligawanywa sehemu kwa sehemu, kisha Sehemu A na B zikaunganishwa tena mwaka 2020. Aliyeandika jina la zamani na juzuu ya mpya ameandika anwani isiyo na nyumba.

Kuhusu majarida ya nyumbani: Bulletin of the Chemical Society of Ethiopia imo Scopus na Web of Science. Mengine mengi ya ukanda wetu hupatikana kupitia AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, na huonekana Google Scholar bila kuwemo katika hizo mbili. Kabla ya kutuma makala, fungua orodha ya majarida ya Scopus na utafute kwa ISSN, namba ya utambulisho ya jarida, usitafute kwa jina, maana kuna majarida bandia yanayoiga majina. Angalia pia kama jarida limewekwa kwenye orodha ya yaliyositishwa. Likisitishwa, makala zilizokwisha kuingia kwa kawaida hubaki, ila yako mpya haitaingia.

Hesabu inarudi nyuma kiasi gani

Kwa aliyeanza kuchapisha mwaka 2010, ruka sehemu hii.

Kwa kizazi cha nyuma ina maana kubwa. Scopus ina orodha za marejeleo za makala kuanzia 1970. Rejeleo lililoandikwa mwaka 1958 kwenda kwa Paul Flory, aliyepata Nobel mwaka 1974, Scopus hailioni. Web of Science inaweza kurudi hadi 1900, ila kwa miaka ambayo chuo chako kimeilipia tu. Hili husahaulika mara nyingi: vyuo viwili vyenye usajili wa miaka tofauti vitampata mtu mmoja na h mbili tofauti ndani ya Web of Science ile ile. Pia kuna mkusanyiko mkuu na kuna hifadhidata zote kwa pamoja, na kila upande una namba yake. Namba ya Web of Science isiyosema ni mkusanyiko upi haina maana.

Nguvu ya pekee ya Web of Science hapa ni utafutaji wa rejeleo lenyewe. Kitabu cha Flory cha mwaka 1953 kuhusu misingi ya kemia ya polima si makala ya jarida, lakini ukichagua utafutaji wa marejeleo, ukaandika jina la mwandishi na nyota baada ya herufi za kwanza, ukaweka mwaka 1953, unapata tahajia zote ambazo watu wamezitumia, na unaweza kuzitia alama zote na kuzijumlisha. Google Scholar nayo inaona kitabu, ila haikuonyeshi ni tahajia zipi zimeachwa nje. OpenAlex kwa kazi za kabla ya miaka ya 1970 inategemea kama mchapishaji ameweka orodha za marejeleo wazi, usiitegemee.

Majina

Hapa watu wetu wanaumia kuliko Wapoland. Matyjaszewski ni jina refu lisilo na wenzake wengi. Mashine inamkamata kirahisi. Mwenzake wa 1995, Wang, ana majina yanayofanana na ya maelfu. Mtafiti wa Afrika Mashariki ana tatizo la aina ya tatu: majina matatu, lake, la baba na la babu, na kila jarida linaamua lenyewe lipi ni la ukoo. Makala moja inabeba la babu, nyingine la baba. Aliyeolewa anaongeza la mume. Matokeo yake mtu mmoja ana rekodi tatu Scopus, kila moja na h ya 2, na hakuna anayejua kwamba kwa pamoja ni 5.

*Scopus* hutengeneza namba ya mwandishi yenyewe, hata kwa asiyejisajili. Uzuri ni kwamba marehemu na waliostaafu wamo. Ubaya ni mgawanyiko. Kurekebisha: tafuta mwandishi kwa kila umbo la jina lako, tia alama rekodi zilizo zako, omba ziunganishwe, kisha pitia makala moja moja na uondoe isiyo yako. Tumia barua pepe ya chuo. Subiri wiki kadhaa, kwa hiyo usianze siku tatu kabla ya kamati kukaa.

*Web of Science* nayo hutengeneza rekodi yenyewe. Ukiidai kwa akaunti ya bure unapata namba ya mtafiti na uwezo wa kuongeza na kuondoa. *Google Scholar* haina rekodi ya mtu mpaka mwenyewe aifungue kwa barua pepe ya chuo. Ndiyo maana Flory, aliyefariki 1985, hana wa kumsafishia. Ukishaifungua, zima mara moja uongezaji wa makala wa moja kwa moja. Chagua kupewa taarifa kwa barua pepe ili uidhinishe mwenyewe. Kuiacha mashine iongeze ndiyo njia ya kujikuta na makala za upasuaji wa moyo katika ukurasa wa polima, na kamati ikiona moja inatilia shaka zote. Rekodi pacha ziunganishe: zitie alama mbili mbili, bonyeza kuunganisha, chagua ile yenye jina sahihi la jarida. Ukiona nyota kando ya idadi, maana yake hesabu inaweza kuwa imejumuisha rekodi isiyofanana kabisa na makala.

*OpenAlex* inachanganya majina mara nyingi zaidi ya Scopus, lakini inasoma vizuri ORCID, namba ya utambulisho ya mtafiti. Kwa zote nne, dawa ni hiyo ORCID: tarakimu 16, bure, inapatikana kwa dakika chache. Iweke katika kila makala unayotuma kuanzia leo, na amua umbo moja la jina usilolibadilisha tena.

Kujirejelea na udanganyifu

Kujirejelea si dhambi. ATRP ya 1995 ilihitaji shaba nyingi. Matoleo yake ya ARGET na ICAR ya miaka ya 2000 yaliipunguza hadi sehemu kwa milioni kwa kuifufua shaba iliyochoka, na mwaka 2011 kikundi kile kile kilionyesha katika Science kwamba umeme unaweza kuwasha na kuzima mnyororo. Nani mwingine angerejelewa katika hatua hizo? Shida ni pale marejeleo yote ya mtu yanapotoka nyumbani kwake.

Scopus inakuruhusu kuondoa marejeleo ya mwandishi mwenyewe, au ya waandishi wenza wote pia. Hizo ni namba mbili, sema umetumia ipi. Ripoti ya Web of Science ina mstari wa bila kujirejelea, ila inaondoa makala zilizomo ndani ya seti uliyoichagua tu, hivyo seti chafu inatoa jibu chafu. OpenAlex inatoa data ghafi. Anayejua kuandika programu atachuja, asiyejua hatachuja. Google Scholar haina kitufe cha hilo kabisa.

Google Scholar pia ndiyo rahisi kudanganywa. Watafiti wa Hispania walitengeneza nyaraka 6 za mwandishi asiyekuwepo, zikirejelea kazi zao wenyewe, wakaziweka kwenye tovuti ya chuo, na namba zao zikapanda. Ukiona ukurasa wenye marejeleo mengi yaliyoruka ghafla mwaka mmoja, bonyeza nguzo ya mwaka huo na usome nani amerejelea. Inachukua dakika tano.

Gharama na kazi ya usafi

Google Scholar na OpenAlex ni bure. Scopus bila usajili inakuonyesha ukurasa wa mwandishi na indeksi yake, lakini si uchambuzi kamili wa marejeleo. Web of Science kwa uchambuzi inadai usajili wa chuo. Muulize mkutubi kabla ya kukata tamaa, kwani baadhi ya vyuo vya ukanda huu vina njia ambazo wahadhiri hawazijui.

Publish or Perish, programu ya bure ya Anne-Wil Harzing, huvuta data kutoka Google Scholar, OpenAlex na kwingineko na kukukokotolea h. Ni nzuri kwa mtu asiye na ukurasa wake. Kwa mtu kama Matyjaszewski inagonga ukuta, kwa sababu utafutaji wa Google Scholar hautoi zaidi ya matokeo 1,000 naye ana kazi zaidi ya hizo. Ukiuliza mfululizo, Google itakufungia kwa muda.

Ambacho hakuna hata moja inayokiona

Mapitio hurejelewa kuliko ugunduzi. Anayetumia RAFT leo atarejelea mapitio ya 2005, au mojawapo ya yaliyohuishwa, kabla ya kukumbuka makala ya 1998. Na anayetumia ATRP vivyo hivyo ataishia kwenye mapitio ya Chemical Reviews ya 2001. Kwa hiyo tenganisha makala asilia na mapitio kabla ya kulinganisha watu wawili. Mkemia mwenye mapitio matatu yaliyosambaa anaweza kumpita kwa jumla mwenzake aliyegundua kitu.

Baadaye kazi huzoeleka hadi hairejelewi tena. Hermann Staudinger aliandika mwaka 1920 kwamba polima ni minyororo mirefu ya atomi zilizofungamana, akabishiwa kwa miaka, akapata Nobel mwaka 1953. Leo kila makala ya polima imesimama juu ya wazo lake na karibu hakuna inayomtaja.

Marejeleo wala hayalindi ajira. Mwaka 2014 Thomson Reuters, iliyomiliki Web of Science wakati huo, iliwataja Moad, Rizzardo na Thang kuwa miongoni mwa wanaoweza kupata Nobel, kwa kuangalia marejeleo. Mwaka huo huo Thang alikuwa amepunguzwa kazini CSIRO. Baadaye akawa profesa Monash.

Uchague ipi, kwa hali yako

*Unajaza fomu ya kupanda cheo.* Soma kanuni ya chuo chako kwanza. Ikiitaja hifadhidata, hiyo ndiyo, hata kama namba yako ni ndogo humo. Ikikaa kimya, weka Scopus au Web of Science mbele, ile ambayo kamati inaweza kuifungua, kisha Google Scholar kama nyongeza. Andika chanzo, tarehe na idadi ya kazi, kwa mfano: Scopus, 14 Machi, kazi 6, h 4, Google Scholar, siku hiyo hiyo, kazi 9, h 6. Usichukue kazi za huku na marejeleo ya kule. Mjumbe mmoja akigundua, faili lote linarudi.

*Unafanya kazi ya korosho, katani au wanga wa muhogo, na wasomaji wako wako karibu.* Google Scholar itakutendea haki zaidi. Ambatanisha orodha fupi ya hataza, viwanda au viwango vilivyotumia kazi yako, kwa sababu hayo hayamo kwenye h yoyote.

*Unatafuta msimamizi wa uzamivu.* Usiangalie h hata kidogo kwa dakika kumi za kwanza. Fungua ukurasa wake wa Google Scholar, panga kwa mwaka, soma miaka mitano ya mwisho, na uhesabu ni mara ngapi mwandishi wa kwanza ni mwanafunzi. Kisha tumia OpenAlex au Scopus kuona hao wanafunzi wako wapi sasa. Profesa mwenye h ya 80 ambaye hajachapisha na mwanafunzi tangu 2019 anaweza kukufaa kidogo kuliko mwenye 18 anayechapisha nao kila mwaka.

*Unapima mtu wa kizazi cha zamani, au unaandika historia ya fani.* Web of Science, kwa utafutaji wa rejeleo lenyewe, na taja miaka ya usajili.

*Jina lako limeonekana, au limekosekana, katika orodha ya Stanford ya asilimia 2 ya wanasayansi wanaorejelewa zaidi.* Orodha hiyo hukokotolewa kutoka Scopus, nayo hutoa namba pamoja na kujirejelea na bila kujirejelea. Rekodi yako ikiwa imegawanyika vipande vitatu, hutaonekana hata ukistahili. Orodha ya Clarivate ya wanaorejelewa sana hutoka Web of Science. Kurekebisha moja hakurekebishi nyingine.

*Unaongoza maktaba au kurugenzi ya utafiti yenye bajeti ndogo.* OpenAlex inakutosha kwa takwimu za chuo kizima, mradi utenge mtu wa kusahihisha majina na vyuo. Chuo cha Sorbonne kiliachana na usajili wa Web of Science kuanzia 2024 na kuegemea huko. Kwa maamuzi juu ya mtu mmoja mmoja, thibitisha kwa mkono.

*Unaomba fedha Ulaya.* Taasisi nyingi zilizosaini azimio la San Francisco la 2012 au makubaliano ya CoARA ya 2022, yote mawili ya kurekebisha namna utafiti unavyopimwa, hazitaki h kwenye fomu. Chagua kazi tatu hadi tano, eleza kwa sentensi mbili kila moja ilibadilisha nini na wewe ulifanya sehemu gani. Ukiweka indeksi mahali isipoombwa, baadhi ya waamuzi wataisoma kama dalili kwamba hukusoma maelekezo.